Unanunua gitaa la besi used? Anza na shingo

Wadau, besi ya kwanza niliyonunua ili niiuze mtandaoni ilikuwa inang'aa balaa. Siku ya tatu mteja akairudisha: shingo imepinda, nyuzi ziko juu mno, vidole vinamuuma. Nikamrudishia hela yote.

Siku hizi rangi naiangalia mwisho. Nyuzi zikishatyuniwa, nabana ule mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nachungulia freti ya saba au ya nane. Upenyo ukiwa kama unene wa kadi ya biashara, shingo iko poa. Ukiwa mkubwa, imepinda mbele. Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha, kinakazwa kwa kispana, robo mzunguko kila mara. Mwambie muuzaji akaze mbele yako. Kama nati imefika mwisho na shingo bado imepinda, mwachie mzigo wake hata akishusha bei nusu.

Vifungo vya sauti vikikwaruza si kesi, mara nyingi dawa ya kupuliza inatosha. Ila chomeka kwenye spika usikie kila uzi. Habari za "jana ilikuwa inalia" usizikubali.

Ukipost, weka na picha ya shingo kwa ubavu. Wateja wangu wa besi huiomba hiyo kabla hata ya kuuliza bei.