Habari za Mtambo Utiio na Ukumbukao

Wengi wenu mmepata kuona kigari cha kuchezea kiendacho bila kuvutwa kwa kamba, na mwenyewe amesimama mbali, akibonyeza kijisanduku mkononi mwake. Roboti ndogo, ambazo watu huzitengeneza kwa kujifurahisha, huendeshwa vivyo hivyo. Amri hupelekwa kwa mawimbi ya redio. Watu husema kuwa hupita hewani, ijapokuwa mawimbi hayo hayahitaji hewa hata kidogo. Jambo hilo hupendeza macho. Lakini roboti itiiyo amri tu, isiyo na kumbukumbu, yaweza kuleta hasara.

Katika mwaka 1898, bwana mmoja jina lake Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, nchi ya Marekani, mashua ndogo ya chuma ikielea katika bwawa. Ndani yake mlikuwa na betri, rafadha, usukani na taa. Hapakuwa na waya wala kamba, bali mashua iligeuka kila alipotaka Tesla. Husimuliwa kwamba mtazamaji mmoja aliiuliza mashua ni hesabu gani ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu hupatikana 64, nayo ikawasha taa zake mara nne. Bila shaka aliyejibu ni Tesla, wala si mashua.

Sikio la mashua ile lilikuwa kichupa chenye unga wa chuma. Mawimbi yalipofika, punje za unga zilishikamana na kuupitisha umeme. Amri ilipokwisha kutiiwa, ilibidi kichupa kipinduliwe ili punje ziachane tena, la sivyo amri ya pili isingesikika. Basi, kwa namna ya kusema, mashua ile ililazimika kusahau kila neno ililoambiwa.

Ilipita miaka hamsini hivi, kisha mtaalamu wa ubongo, Grey Walter, akatengeneza mitambo miwili katika mji wa Bristol, Uingereza, kati ya mwaka 1948 na 1949. Akaiita kobe, kwa kuwa ilitambaa polepole chini ya gamba. Kila kobe alikuwa na jicho moja la kuonea mwanga, na gamba lake likigusa kitu, alirudi nyuma na kutafuta njia nyingine. Betri ilipopungukiwa na nguvu, aliufuata mwanga mkali mpaka kibandani mwake, apate kutiwa umeme.

Kobe hao hawakukumbuka lolote. Kwa hiyo Walter akamtengenezea kobe kumbukumbu. Alipiga filimbi, kisha akawasha taa. Akafanya hivyo mara nyingi. Kila mambo hayo mawili yalipofuatana, umeme kidogo uliongezeka katika chombo cha kuuhifadhi, kama maji yaongezwavyo mtungini kata kwa kata. Ulipofikia kiasi chake, mkondo mwingine ulianza kutetema kama kengele iliyogongwa. Tangu hapo kobe aliisikia filimbi peke yake, akafanya kama aliyeona taa. Lakini mtetemo wa kengele hufifia. Asipofundishwa tena, kobe alisahau.

Roboti za siku hizi hazitumii kengele ya namna hiyo. Tuchukue kibao kimoja cha umeme kitumiwacho sana na wanafunzi, kiitwacho Arduino Uno. Kina kumbukumbu ya muda yenye nafasi 2048, ambayo hufutika umeme ukizimwa. Kina pia nyingine yenye nafasi 1024, nayo haifutiki. Kila nafasi hushika hesabu moja, kuanzia 0 hata 255. Ukitaka roboti ikumbuke njia, itahitaji nafasi mbili kwa kila hatua: moja ya upande iliokwenda, na moja ya sekunde ilizokwenda. Basi hatua 512 zaweza kuandikwa, nayo ikazirudia kesho pasipo kuongozwa na mtu.

Sasa natuone ile hasara niliyoitaja. Umeiambia roboti, "Nenda mbele," nayo yaenda. Mara ukuta umekinga mawimbi, au betri ya kijisanduku chako imekwisha. Wewe wabonyeza "Simama," lakini neno halifiki. Roboti haijui kwamba umenyamazishwa. Itaendelea mbele hata ianguke ngazini, au imgonge mtoto. Dawa yake ni kumbukumbu. Kijisanduku na kirudie amri mara nyingi katika kila sekunde, na roboti ikumbuke saa ya amri ya mwisho. Sekunde moja ikipita kimya, na isimame yenyewe. Kwangu mimi, roboti isiyo na kanuni hii haifai kuachwa sakafuni penye watu.

Lakini saa hiyo iandikwe katika kumbukumbu ya muda. Kila nafasi ya ile isiyofutika imekadiriwa kuandikwa mara 100,000 tu. Ukiandika katika nafasi moja mara moja kila sekunde, idadi hiyo itatimia kabla ya saa 28 kwisha. Humo andika njia tu, tena hatua ikiisha.