Jina jema hung'ara gizani, hata ndani ya kompyuta

Kings Heath ni mtaa ulioko kusini mwa jiji la Birmingham, Uingereza, wenye barabara ndefu ya maduka, bustani kubwa na njia ya reli inayopita nyuma ya nyumba za watu. Mwaka 1901 mjane mmoja alihamia mtaani hapo akiwa na wanawe wawili, wakapanga nyumba ya Westfield Road iliyopakana na reli hiyo. Mkubwa wa watoto hao alikuwa J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, na ambaye baadaye alikuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford na mwandishi mashuhuri. Mabehewa ya makaa ya mawe yaliyopita nyuma ya nyumba yao yalikuwa yameandikwa majina ya miji ya Wales, kama vile Nantyglo na Senghenydd. Mtoto hakuyaelewa majina hayo, lakini yalimvutia mno, na hapo ndipo mapenzi yake kwa lugha ya Wales yalipoanza.

Kwa mtoto anayetazama dirishani, jina lisiloeleweka ni fumbo tamu. Lakini kwa mfanyakazi anayetakiwa kujua behewa lipi linakwenda wapi, fumbo ni hasara. Tofauti hiyo ndiyo mada yetu ya leo, ingawa mabehewa tunayoyazungumzia ni ya aina nyingine. Ni majina wanayopewa watoto wetu kila wanapoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta.

Kama mjuavyo, tangu Septemba mwaka 2014 somo la kompyuta limekuwa sehemu ya mtaala wa taifa wa Uingereza kuanzia umri wa miaka 5, na wanafunzi wa sekondari hutakiwa kutumia lugha mbili au zaidi za kuandikia programu. Kwa hiyo sisi wenye asili ya Afrika Mashariki tunaoishi huku tunawaona vijana wetu wakirudi nyumbani na kazi za shule zilizoandikwa kwa lugha ya Python. Binamu zao walioko Mwanza, Mombasa na Bujumbura nao wanajifunza lugha hiyo hiyo, mara nyingi kwa simu ya mkononi. Wote wanakutana na majina yale yale, na kwa wengi wao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu.

Kila lugha ya programu huja na maktaba yake sanifu, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha tengenezwa ambazo kila mtumiaji anazikuta tayari: amri ya kupima urefu wa neno, ya kupanga orodha, ya kufungua faili na kadhalika. Ni mfano wa sanduku la zana analokabidhiwa fundi siku ya kwanza kazini. Zana hizo lazima ziwe na majina. Majina hayo huchaguliwa na watu wachache, pengine kwa mchana mmoja, lakini husomwa na mamilioni ya watu kwa miongo mingi. Na jina likishatoka, kulibadili ni kuvunja programu zote zilizokwisha andikwa kwa jina hilo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Historia imejaa ushahidi wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na wenzake walipokuwa wakitengeneza mfumo wa Unix, amri ya kuunda faili jipya iliitwa "creat". Neno la Kiingereza lina herufi "e" mwishoni, nayo ilidondoshwa. Baadaye Thompson alipoulizwa angebadili nini kama angeianza kazi hiyo upya, alijibu kwamba angeirudisha herufi hiyo. Herufi moja tu, lakini zaidi ya miaka 50 imepita na amri hiyo bado inaandikwa hivyo hivyo.

Ufupi wa zamani ulikuwa na sababu zake. Kumbukumbu za kompyuta zilikuwa ndogo, na hata kanuni za lugha ya C zilizopitishwa mwaka 1989 zilihakikisha kutambuliwa kwa herufi 6 tu za mwanzo katika majina yanayotumika kati ya faili moja na jingine. Ndiyo maana tumerithi "strlen", "strcpy" na "strcmp", kila moja ikiwa na herufi 6 kamili. Shida ile imekwisha zamani, lakini majina yamebaki, na mwanafunzi wa leo anayakariri bila kuambiwa sababu yake.

Lugha ya PHP, inayoendesha tovuti nyingi duniani, ina kisa cha ajabu zaidi. Mwaka 2013 mwanzilishi wake, Rasmus Lerdorf, alieleza kwamba katika siku za mwanzo programu yake ilizigawa amri katika makundi kwa kuhesabu herufi za majina yao. Ili makundi yalingane, yalihitajika majina ya urefu mbalimbali. Kwa maneno mengine, baadhi ya majina yalipimwa kwa haja ya mashine kabla ya haja ya msomaji.

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya ladha tu, na kwamba mwanafunzi mwenye bidii atazoea. Hapana shaka kwamba mtu huzoea mengi. Lakini jina baya halichoshi kichwa peke yake, bali pia huleta madhara. Katika Python ya pili palikuwa na amri iitwayo "input", neno ambalo kila mwanafunzi alidhani lina maana ya kupokea maandishi ya mtumiaji. Kumbe amri hiyo iliyachukua maandishi hayo na kuyatekeleza kama programu, hivyo mtu mwenye nia mbaya aliweza kuamrisha kompyuta ya mwenzake. Amri iliyo salama ilikuwa na jina refu zaidi, "raw_input". Ilipotolewa Python ya tatu, Desemba mwaka 2008, kosa hilo lilisahihishwa, na jina jepesi likapewa amri salama. Hata hivyo Python ya pili iliendelea kuhudumiwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2020, yaani zaidi ya miaka 11 baadaye. Hiyo ndiyo gharama ya kurekebisha majina.

Tuangalie mfano mwingine ambao unamgusa moja kwa moja msemaji wa Kiswahili. Katika lugha ya C++ kuna amri iitwayo "empty". Kwa Kiingereza neno hilo ni sifa na pia ni kitenzi: laweza kumaanisha "tupu", na laweza kumaanisha "toa vyote vilivyomo". Wengi wameandika amri hiyo wakidhani wanamwaga yaliyomo ndani ya chombo, kumbe wanauliza tu kama chombo ni kitupu. Kompyuta hujibu swali, hakuna anayelisikiliza jibu, na chombo hubaki kimejaa. Kanuni za C++ za mwaka 2020 ziliongeza alama inayoitaka kompyuta imwonye mwandishi pale jibu hilo linapotupwa.

Sasa jiulizeni, je, Mswahili angeweza kuchanganya "ni tupu?" na "toa vyote"? Au "wazi" na "fungua", ambayo kwa Kiingereza yote mawili ni "open"? Hawezi. Kitenzi chetu hubeba ndani yake nani anatenda, lini, na kama jambo limekwisha tendeka. Panga, pangwa, pangika, iliyopangwa: kila umbo lina kazi yake. Watunzi wa Python waliihitaji tofauti ya namna hii mwaka 2004, walipoongeza amri "sorted" kando ya "sort". Ya zamani huipanga orodha yenyewe pale ilipo, na mpya hurudisha orodha nyingine iliyopangwa, ikiiacha ile ya kwanza kama ilivyokuwa. Mwalimu anayewaeleza vijana wa Kiswahili tofauti hiyo kwa maneno "panga" na "iliyopangwa" amemaliza somo kwa dakika moja.

Lakini tusijisifu kabla ya kujitazama. Sisi nasi tumepewa majina ya kompyuta yaliyo mazuri na yaliyo mabaya. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zikiitwa Jambo OpenOffice, na kazi kama hizo ziliwalazimu wataalamu kutafuta mamia ya istilahi. Baadhi yake yalishika mara moja. "Barua pepe" inaeleweka hata na bibi asiyewahi kuituma. "Nenosiri" linajieleza lenyewe, ilhali "nywila" yahitaji mtu wa kukufasiria. Na "ngamizi", neno lililowahi kupendekezwa kwa maana ya kompyuta, sikioni linakumbusha kuangamiza. "Tarakilishi" bado lina watetezi wake, hasa nchini Kenya, lakini sokoni na nyumbani watu wamelichagua "kompyuta", kwa sababu kila mmoja alikwisha lijua.

Mfano bora tulio nao haukutoka katika kamati ya istilahi. Ni orodha ya huduma za M-Pesa, iliyoanza nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007. "Tuma pesa." "Toa pesa." Kitenzi na kitu chake, basi. Mkulima na mwenye duka wote wanajua kitakachotokea wakibonyeza, na hapo ni fedha zao zenyewe zilizo hatarini. Hakuna mwandishi wa maktaba sanifu aliyewahi kuwa na mtihani mgumu kuliko huo.

Kwa kuzingatia hayo, tunaona kwamba anayechagua jina anapaswa kujiuliza maswali matatu. Kwanza, je, mtu anayelikuta jina hili kwa mara ya kwanza, katikati ya kazi ya mwenzake, atakisia sawasawa linafanya nini? Pili, je, atakayekosea kukisia atapata hasara gani? Tatu, je, zana zinazofanana zimepewa majina yanayofanana, ili anayejua moja aijue na ya pili? Mwandishi mwenyewe si shahidi mzuri wa maswali hayo, kwa kuwa yeye tayari anajua jibu. Shahidi mzuri ni mgeni, na mgeni bora ni yule ambaye Kiingereza si lugha ya mama yake.

Hapa ndipo vijana wetu wanapoingia. Maktaba za lugha nyingi za programu leo hii hujadiliwa hadharani, na mapendekezo ya majina mapya hupokewa kutoka kwa yeyote mwenye hoja. Kijana wa Kings Heath au wa Morogoro anayeshindwa kulielewa jina fulani asidhani kwamba yeye ndiye mjinga. Kutoelewa kwake ni ushahidi ambao watunzi wanauhitaji kabla jina halijatoka, kwa sababu likishatoka watakuwa wamechelewa. Na wale wanaotunga istilahi za Kiswahili nao wangefanya vyema kumwita muuza duka na mwanafunzi wa darasa la sita, wawasomee maneno mapya bila maelezo yoyote, kisha wakae kimya na kusubiri wanachokisia. Neno litakalokisiwa vibaya na wote wawili lirudishwe mezani siku hiyo hiyo.