Mama Kayai: Jina, Lafudhi na Kazi ya Mwigizaji wa Tabia

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kazi ya Mary Khavere, mwigizaji wa Kenya ajulikanaye zaidi kwa jina la Mama Kayai, na kuonyesha yale ambayo mtaalamu wa lugha anaweza kujifunza kutokana nayo. Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya tamthilia zilizochapishwa. Michezo ya redio na televisheni, ambayo ndiyo iliyowafikia wananchi wengi zaidi, wameitaja kwa kupita tu. Upungufu huu una hasara kwa taaluma yetu, kwani tamthilia iliyochapishwa hubaki rafuni, lakini sauti ya mwigizaji isipohifadhiwa hupotea pamoja naye.

Kwa istilahi ya “mwigizaji wa tabia” tunakusudia yule ambaye nguvu yake haimo katika urembo wala ushujaa wa mhusika mkuu, bali katika kumtoa mtu wa namna fulani, kama vile mke mwenye ulimi mkali, mzee mbishi au jirani mdaku, hata mtazamaji akasema, “Huyu namjua.” E. M. Forster, katika mihadhara yake ya 1927 juu ya riwaya, aliwaita wahusika wa aina hii bapa, akawatenga na wale wa duara. Ubapa, hata hivyo, si dosari. Mhusika bapa hutambulikana mara tu aingiapo, na katika mchezo wa muda mfupi unaorudi kila juma, sifa hiyo ni mtaji mkubwa.

2.0 Jukwaa lenyewe

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, ndiyo iliyokuwa mlezi wa vichekesho vya Kiswahili, vikiwemo Vioja Mahakamani na Vitimbi. Katika Vitimbi, Mary Khavere aliigiza mke wa Mzee Ojwang, mhusika aliyechezwa na Benson Wanjau. Wawili hao waliendelea pamoja kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1980 hadi Wanjau alipostaafu mwaka 2012. Wanjau alifariki tarehe 12 Julai 2015.

Ndoa hiyo ya mchezoni ilikaa sana katika fikra za watazamaji hata wengi wakaamini kwamba ni ndoa ya kweli. Mara kwa mara ilimbidi mwigizaji aeleze hadharani kwamba yeye na Wanjau hawakuwa mke na mume. Kwa mtazamo wa sanaa huo ni ushindi. Kwa upande wa mwigizaji mwenyewe ni mzigo, maana mtu aliyeifanya kazi yake vyema mno hunyang’anywa jina lake.

3.0 Jina la uzazi

Hebu tulitazame jina lenyewe. “Mama Kayai” ni jina la uzazi, yaani mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake. Desturi hii imeenea katika Afrika ya Mashariki, na katika Kiswahili cha kila siku kumwita mwanamke mzima kwa jina lake tupu huonekana ni utovu wa adabu. Mtazamaji wa Taru, katika nyika ya Kwale, hakuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Wamijikenda wanalo umbo lao, kiambishi me-, chenye maana ya “mama wa”. Mfano mashuhuri ni Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914. Jina lake la awali lilikuwa Mnyazi. Mekatilili ni mama yake Katilili.

Kwa hiyo jina la mhusika lilikwisha kufanya nusu ya kazi kabla mwigizaji hajafumbua kinywa. Lilimpa umri, nyumba, mume na haki ya kukaripia. Tena halikumfunga katika kabila moja, kwa sababu neno “mama” ni la wote. Humo, kwa maoni yetu, ndimo ilimo siri mojawapo ya kupendwa kwake kotekote.

4.0 Lafudhi kama vazi

Suala la lafudhi ni gumu zaidi. Vichekesho vya zama hizo vilitegemea sana matamshi ya makabila. Wanjau ni kielelezo kizuri: alikuwa Mkikuyu, lakini Ojwang alikuwa Mjaluo. Kijaluo hakina sauti sh wala z, na hivyo mzungumzaji wake aghalabu hutamka “samba” kwa shamba na “samani” kwa zamani. Lakini hutenganisha l na r bila taabu. Kikuyu, kwa upande wake, hakitofautishi l na r, na sauti d haitokei humo bila kutanguliwa na n. Ndiyo maana twasikia “rara” kwa lala na “nduka” kwa duka. Basi mwigizaji mwenye asili ya Kikuyu anayemwigiza Mjaluo ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzuia athari za lugha yake ya kwanza, na kuvaa athari za lugha ya mwenziwe. Huo ni ustadi wa fonolojia, ingawa haukupatikana darasani.

Wala si mbinu ngeni duniani. Katika mchezo wa jadi wa Italia uitwao commedia dell’arte, Pantalone alisema kwa lahaja ya Venice na Daktari kwa lahaja ya Bologna, na hadhira ikawatambua kwa masikio kabla ya macho.

5.0 Hatari iliyomo

Pamoja na hayo, hatuna budi kukiri kwamba mbinu hii ina makali pande mbili. Mtazamaji anaweza kucheka mhusika, au anaweza kucheka kabila zima. Hapa ndipo mwalimu anapohusika. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa mwaka 1985, chini ya mfumo wa 8-4-4, mtoto wa Kiduruma wa Taru amepimwa kwa Kiswahili Sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja. Kiduruma na Kidigo ni jamaa za karibu za Kiswahili katika kundi la Sabaki. Kwa sababu ya udugu huo, mtoto aandikapo “madzi” badala ya maji hahesabiwi kuwa ametumia lugha nyingine. Huhesabiwa kuwa amekosa. Akichekwa na wenziwe kama wachekwavyo wahusika wa televisheni, atajifunza kunyamaza.

Tiba si kuwafukuza wahusika hao. Afadhali mwalimu awalete darasani na kuuliza: ni sauti gani imebadilika, na kwa nini? Hapo kicheko hugeuka kuwa somo, na mtoto hutambua kwamba “madzi” inafuata kanuni ya lugha ya kwao, wala si ujinga wake.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba umashuhuri wa Mama Kayai ulisimama juu ya misingi mitatu: jina la uzazi linaloeleweka kwa wote, mhusika anayetambulikana upesi, na ushirikiano wa muda mrefu na mwigizaji mwenziwe. Tumeona pia kwamba lafudhi ni chombo. Yaweza kujenga au kubomoa, kwa kadiri ya mtumiaji wake.

Pendekezo letu ni moja. Idara za lugha zishirikiane na watangazaji kuinukuu michezo hii neno kwa neno, na ziwahoji waigizaji wakongwe wangali hai, kwa heshima na kwa malipo yanayostahili. Tumezoea kuwaendea wazee kuwauliza methali. Watu waliokisema Kiswahili mbele ya taifa zima kwa zaidi ya robo karne nao ni wazee wa lugha.