Mtoto Aitwaye Mbingu

Jina la Kikorea Haneul haliitwi hivihivi mtoto anapotakiwa mezani. Mama huliongezea sauti mwishoni, "Haneul-a!", na ile "l" ikateleza hadi ikasikika kama "r". Akishakuwa mtu mzima, wenzake kazini watamwita Haneul-ssi, kwa heshima.

Maana yake ni mbingu, au anga. Ni neno lilelile analolitamka Mkorea anapochungulia nje kuona kama mvua itanyesha, na ndilo lililozaa jina ambalo Wakatoliki wa Korea humwitia Mungu: Haneunim, yaani mbingu pamoja na kiambishi cha heshima.

Ni jina la wote, wa kike na wa kiume. Wapenzi wa tamthilia za Kikorea wanamfahamu Kim Ha-neul, mwigizaji wa kike aliyezaliwa mwaka 1978. Wanamfahamu pia Kang Ha-neul, mwigizaji wa kiume aliyezaliwa mwaka 1990. Huyu naye alizaliwa akiitwa Kim Ha-neul. Alibadili jina la ukoo katika sanaa ili asichanganywe na mwigizaji huyo aliyemtangulia.

Zamani isingetokea kirahisi mwanamume na mwanamke wakawa na jina moja. Jina la Mkorea kwa kawaida hutungwa kwa herufi za Kichina, na kila herufi ina maana yake. Kwa mtoto wa kiume, herufi moja mara nyingi ilipangwa na ukoo kabla hajazaliwa. Ndugu wote wa kizazi kimoja waliishiriki, na vizazi vilifuatana kwa mzunguko wa maji, mti, moto, udongo na chuma. Babu alipobeba herufi yenye alama ya maji, baba alibeba ya mti, mjukuu ya moto. Yote hayo huhifadhiwa katika jokbo, kitabu cha ukoo. Mabinti mara nyingi waliachwa nje ya mpango huo. Wapo walioitwa Kkeutsun au Malja, majina yenye neno "mwisho" ndani yake, wazazi wakiomba huyu awe binti wa mwisho na anayefuata awe mvulana. Nikimfikiria msichana anayeitikia jina hilo kila siku ya maisha yake, moyo huniuma.

Haneul halina herufi ya Kichina. Ni Kikorea kitupu, huandikwa kwa Hangeul, alfabeti aliyoibuni Mfalme Sejong mwaka 1443. Mapenzi ya majina ya namna hii yalikua baada ya uhuru wa 1945, kwa watu ambao miaka mitano tu nyuma watawala wa Kijapani walikuwa wamewashurutisha kuchukua majina ya Kijapani. Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul walianzisha mashindano ya majina mazuri ya Kikorea asilia. Mzazi akimwandikisha Haneul leo, ile sehemu ya fomu inayotaka herufi za Kichina huiacha tupu. Hakuna herufi ya ushujaa pale wala ya utiifu.

Mama mwenyewe naye hupata jina jipya. Majirani humwita Haneul eomma, yaani Mama Haneul, kama tuitanavyo sisi. Mpita njia akisikia anaitwa hivyo sokoni, bado hajui kama huko nyumbani kuna mvulana au msichana.