Ushahidi wa Mwalimu Katika Kushindania Ukarani wa Majaji

Kijana amalizapo kusomea sheria, watu wa nyumbani humwuliza jambo moja: Je, atafungua ofisi lini? Lakini katika nchi ya Marekani, wengi katika wale waliofuzu vizuri zaidi hawaikimbilii ofisi, wala mishahara minono haiwahadai kwanza. Wao hushindana wapate kukaa mwaka mmoja au miwili chini ya jaji, wawe makarani wake.

Asidhani mtu kuwa karani huyu ni wa kupanga mafaili na kuita mashahidi. Kazi yake ni kuzisoma hoja za pande zote mbili, kuzipekua hukumu za zamani, kumweleza jaji nguvu na udhaifu wa kila hoja, na mara nyingi kuandika rasimu ya hukumu. Hukumu yenyewe ni ya jaji na dhima ni yake. Lakini kijana huona kwa macho yake jinsi haki inavyopimwa. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.

Desturi hii ilifika katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1882, pale Jaji Horace Gray alipomchukua kijana aliyehitimu Harvard na kumlipa kutoka mfukoni mwake. Leo majaji wa mahakama hiyo ni tisa, na kila mmoja aweza kuchukua makarani wanne. Basi nafasi ni kama 36 tu kwa mwaka, ilhali skuli za sheria hutoa maelfu ya wahitimu. Kwa sababu hiyo wengi huomba katika mahakama zilizo chini yake, na hata wapatao bahati ya kufika juu, aghalabu wamekwisha tumikia huko kwanza. Thamani ya kazi hii yaonekana hapa: Ketanji Brown Jackson alipoapishwa mwaka 2022, majaji sita katika wale tisa walikuwa wamepata kuwa makarani katika mahakama hiyo hiyo.

Mwombaji hupeleka barua yake, alama zake, mfano wa maandishi yake, na barua za walimu wanaomjua. Zamani majaji wenyewe walikuwa wakishindana kuwanyakua wanafunzi mapema, kila mmoja akitaka kumtangulia mwenziwe, na kijana akitakiwa kujibu papo hapo. Mwaka 2018 ulitangazwa mpango wa kungoja hadi mwanafunzi amalize mwaka wa pili, na jaji ampe mwombaji walau siku nzima ya kufikiri. Lakini mpango huo ni wa hiari. Si majaji wote waufuatao.

Sasa natutazame jambo lenye uzito zaidi. Mwaka 1948 Jaji Felix Frankfurter alimchukua William T. Coleman, Mwamerika mweusi wa kwanza kuwa karani katika Mahakama ya Juu. Naam, aliufungua mlango uliokuwa umefungwa. Lakini mwaka 1960 Frankfurter huyo huyo alipendekezewa Ruth Bader Ginsburg, aliyehitimu Columbia mwaka 1959 akiwa sawa na mwenziwe katika nafasi ya kwanza, naye akamkataa kwa kuwa ni mwanamke.

Hata kwa Jaji Edmund Palmieri wa New York, bibi huyo hakupokewa kwa alama zake peke yake. Alikuwa na mtoto mdogo, na jaji alihofia kuwa kazi itamlemea. Mwalimu wake, Gerald Gunther, alishikilia kuwa asipompa nafasi bibi huyu, hatampelekea tena mwanafunzi yeyote wa Columbia. Na akiishindwa kazi, yeye Gunther atamletea mwingine. Jaji akakubali. Ginsburg alitumika kwake tangu 1959 hata 1961, na mwaka 1993 akawa yeye mwenyewe jaji wa Mahakama ya Juu, hata alipofariki mwaka 2020.

Wazee wetu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa twaona kuwa chema nacho chaweza kukaa sokoni hata jua likachwa, asipotokea wa kukishuhudia. Basi enyi vijana mnaosoma, msiwajue walimu wenu siku ya kuomba barua tu. Kaeni karibu nao, ulizeni, wapeni kazi zenu wazisahihishe, ili watakapoandika waandike wanayoyajua. Na zaidi yampasa hayo mtoto ambaye kwao hakuna mwanasheria wa kumwonyesha njia, kwani mashindano haya huanza kabla ya wengi kujua kuwa yameanza.

Nasi walimu tukumbuke kuwa barua ya sifa ni ushahidi. Kumsifu asiyestahili ni kumdhulumu mwenziwe; na kunyamaza juu ya anayestahili ni kuuficha ushahidi. Gunther hakusema uongo wala hakuomba huruma. Alisema aliyoyajua, akajitia dhamana kwayo.