Picha za Shule Goma: Nani Atabaki na Sura za Watoto?

Kamati ya wazazi ikikaa na prefe (mkuu wa shule) hapa Goma kuchagua mpiga picha wa shule, mazungumzo huanzia kwenye bei na mara nyingi huishia papo hapo. Mmoja anatoa picha mbili kwa bei ya chini, wa pili anaongeza kalenda, wa tatu ameleta mfano uliochapishwa Gisenyi kwenye karatasi inayong'aa. Tarehe inapangwa, kikao kinafungwa. Hakuna aliyeuliza ni watoto gani watapigwa picha, wala picha zikishauzwa mafaili yatabaki kwa nani.

Mji huu una sababu zake za kuuliza. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilikata katikati ya mji, ikaunguza nyumba, maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena usiku, watu wakakimbilia Sake na ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na kesho yake UNICEF ikatangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Albamu hubaki ukutani au kabatini.

Kuna jambo lingine tulilolizoea hata hatulioni. Mtu mzima wa Kongo huonyesha kadi ya mpiga kura kila anapoulizwa yeye ni nani. Mtoto hana kadi hiyo. Kwa watoto wengi picha ya shule inaweza kuwa mahali pekee ambapo sura, jina kamili, darasa na jina la mzazi vinakutana. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma, mashirika ya misaada, UNICEF na Msalaba Mwekundu miongoni mwao, yalilazimika kupiga picha watoto waliokuwa wamepotezana na wazazi, ili sura zao zionyeshwe na ndugu zao wawatambue. Kazi hiyo ilianza watoto wakiwa wamekwisha kupotea. Shule inaweza kuifanya mapema, watoto wakiwa bado wamekaa kwenye madawati yao.

Hapo ndipo mpango wa kawaida unapokwama, na mwenye kosa si mpiga picha. Analipwa kwa picha zinazonunuliwa, kwa hiyo hana faida ya kumpiga picha mtoto ambaye mzazi wake hatanunua. Siku ya picha wanaojipanga ni wale walioleta pesa. Anayekosekana ni mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali (ada ya shule), au aliyehamia Goma majuzi kutoka Masisi na bado anaishi kwa jamaa, au yule ambaye shati lake jeupe halikukauka kwa sababu ya mvua. Picha hizo zikichukuliwa kama rejista ya sura, pengo linaangukia watoto wale wale walio karibu zaidi na hatari ya kupotea. Mpango uliandika "wanafunzi wote", lakini malipo yalichagua baadhi yao.

Dawa yake ni kutenganisha kazi mbili. Kupiga picha kila mtoto kulipwe kama huduma kwa shule, kwa kiasi kidogo kwa kila kichwa, na kuchapisha kuuzwe kwa anayetaka. Katika shule za msingi za serikali lazima tuwe waangalifu zaidi: elimu ya bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019, na picha haipaswi kuwa mlango wa nyuma wa kudai pesa. Asizuiwe mtoto kupata buletini (ripoti ya matokeo) kwa sababu hakununua picha.

Kuhusu ufundi, kamati iombe jaribio la watoto watano au sita uwanjani kwao, isiridhike na mifano ya studio. Sare yetu ni shati jeupe, na wengi wetu ni weusi. Kamera ikipima mwanga kwa kufuata shati, uso unazama gizani. Vyumba vingi vya mbao vina giza ndani, umeme hauna uhakika, na nje ardhi ni mawe meusi ya lava. Fundi anayejua kazi atatafuta kivuli wazi asubuhi, atapima mwanga wa uso, na atakuwa na betri za akiba. Haya yanaonekana kwa nusu saa.

Lakini rejista ya sura za watoto ni hatari pia, na hili linanisumbua kuliko suala la bei. Katika mkoa ambamo makundi yenye silaha yameandikisha watoto kwa miaka mingi, faili moja yenye sura, jina na mtaa wa kila mwanafunzi haifai kuzunguka katika simu za watu. Sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009 ipo, na Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inagusa data za watu. Hata hivyo mafaili ya shule hupitishwa kwa WhatsApp bila mtu kushtuka. Msalaba Mwekundu, katika mradi wake wa Trace the Face ulioanza 2013 kwa ajili ya wahamiaji Ulaya, huonyesha sura ya anayetafuta na uhusiano wake na anayetafutwa, bila kutaja jina. Shule inaweza kuiga busara hiyo: picha zipewe namba tu, na orodha ya namba na majina ikae kwa prefe, kwenye karatasi, mbali na picha.

Basi mkataba useme mpiga picha atakabidhi mafaili yote ndani ya muda uliowekwa na kufuta yaliyobaki kwake, ila yale ya oda ambazo hazijachapishwa. Nakala mbili zitengenezwe. Moja ibaki shuleni, nyingine iwekwe nje ya njia ya lava ya 2002 na 2021, kwa mfano kwenye ofisi ya parokia au ya mtandao wa shule upande mwingine wa mji. Mkataba utaje pia siku ya pili ya kupiga picha, wiki mbili baadaye, kwa waliokosa siku ya kwanza, na sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka majina ya siku hiyo yalinganishwe na rejista ya mwalimu. Mpiga picha atakayekubali sharti hilo huenda akawa ghali kidogo kuliko mwenye kalenda. Pesa ikipungua, kamati iache kalenda.