Seva ya Kitivo: Tuchague Usalama au Urahisi?

Darasa letu la fasihi simulizi lina sauti za wazee tulizorekodi vijijini. Baadhi yao walikubali zisikilizwe na mtu yeyote. Wengine walisema wazi kwamba zibaki ndani ya darasa. Sasa kitivo kinataka kuziweka kwenye tovuti yake, na swali la programu ya seva limeletwa kwetu sisi wanafunzi, maana ndio tunaoshinda kwenye kompyuta. Ninaeleza hapa jinsi ninavyoliona, kwa maneno ya watu wa lugha.

Programu ya seva ni kama karani wa maktaba. Msomaji hagusi rafu: anataja kitabu, karani anakileta. Karani mwepesi hupendwa na wote, lakini akizidi wepesi atamletea mgeni hata daftari la alama za mitihani.

Mwaka 2001 jambo hilo lilionekana ulimwenguni kote. Programu ya IIS ya Microsoft ilikuwa rahisi sana kuanza nayo, kwa kuwa huduma nyingi zilikuja zimewashwa tayari, hata zile ambazo mwenye kompyuta hakuzihitaji. Moja ilihusu kutafuta maneno ndani ya mafaili. Mwezi wa Julai mnyoo wa kompyuta ulioitwa Code Red ulipenya hapo hapo, ukashika kompyuta zaidi ya 350,000 kwa muda wa saa kama 14. Marekebisho yalikuwa yametolewa mwezi mmoja kabla! Ila wengine hawakujua hata kwamba kompyuta yao inaendesha seva, sasa wangerekebisha nini? Katika Windows Server 2003, IIS haikuwekwa tena bila mtu kuiomba.

Turudi kwa sauti zetu. Apache, iliyopo tangu 1995, katika mipangilio ya kawaida ya mifumo mingi huonyesha orodha ya mafaili yote ya folda isiyo na ukurasa wa mwanzo. Kwa mwalimu anayegawa maandishi ya somo, huo ni urahisi mtupu. Kwa mzee aliyesema "ndani ya darasa tu", ni kuvunja ahadi. Nginx, iliyotoka 2004, haionyeshi orodha hiyo mpaka uiagize.

Je, Nginx basi? Si haraka hivyo. Katika Apache, fundi akiruhusu, mwalimu anaweza kuweka faili dogo liitwalo .htaccess na kufunga folda yake kwa neno la siri, bila kumngoja mtu. Nginx haina kitu hicho. Kila badiliko hupitia kwa fundi. Na fundi asipopatikana, nawajua wenzangu: sauti zitatumwa kwa WhatsApp, na hapo hakuna karani kabisa. Ugumu nao hufungua milango.

Ndiyo maana mimi naelekea kwa Caddy, iliyoanza 2015. Yenyewe huomba cheti cha usimbaji kwa Let's Encrypt na kukihuisha bila kukumbushwa. Vyeti hivyo vimezoeleka kudumu siku 90, na Caddy huanza kuvihuisha zikibaki kama 30, kwa hiyo umeme ukikatika wiki nzima hakuna kinachoharibika. Kwa seva nyingine, mara nyingi unahitaji programu ya pili ya kazi hiyo, na ni nani atakayeiangalia sisi tukishahitimu? Mipangilio ya tovuti ndogo huingia katika mistari minne au mitano, ambayo hata mtu aliyesoma Kiswahili na Kifaransa tu anaweza kuifuata. Kasoro yake ni kwamba mafundi wanaoijua ni wachache kuliko wale wa Apache, na maelezo ya Kifaransa si mengi vile.

Hata hivyo, sauti za wale wazee waliokataa zisiwekwe kwenye kompyuta hiyo kabisa, hata nje ya folda ya tovuti. Mwezi wa Oktoba 2021, toleo 2.4.49 la Apache lilionekana kuwa na tundu: kwa mipangilio fulani, mgeni aliweza kusoma mafaili yaliyo nje ya folda iliyoruhusiwa. Toleo 2.4.50 halikuziba vizuri, ikabidi litoke 2.4.51 siku chache baadaye. Diski ya nje ndani ya kabati la idara, na ufunguo kwa mwalimu wa somo, yatosha.